Saa Iliyotweka Tanga

Mwaka 1989, nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa Dunda, tulifanya maonyesho ya kazi za mikono. Mvulana mmoja wa darasa la sita alileta kitu ambacho mpaka leo, katika uzee huu, sijaacha kukipima.

Ilikuwa saa kuukuu ya mezani, ya kengele, isiyo na mshale wa dakika. Juu yake alisimamisha ngalawa ya bati. Uzi ulitoka kwenye foromali ukafungwa katika ufunguo wa kengele, nyuma ya saa. Kengele ilipolia, ufunguo ulizunguka, uzi ukajikunja, tanga likatwekwa, na vizibo vya soda vilivyotungwa ubavuni vikachezacheza. Tanga lilipofika juu, nyaya mbili ziligusana na balbu ya tochi ikawaka mlingotini.

Watoto walipiga makofi. Nikamwuliza, "Saa yako inasema sasa ni saa ngapi?"

"Haijui, mwalimu. Inajua tu wakati wa baba kwenda baharini."

Sisi waamuzi tukacheka. Nikampa alama 35 kwa 100, nikaandika: "Haina matumizi."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za al-Jazari, aliyemaliza kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Humo mna saa ya tembo. Tumboni mwa tembo bakuli lenye tundu dogo huelea juu ya maji. Kila nusu saa huzama, likavuta kamba, gololi ikaangukia kinywani mwa joka, ndege akalia na mwendesha tembo akapiga kishindo. Kupima nusu saa, bakuli na maji vingetosha. Tembo, joka na ndege ni vya nini basi? Ni ili nusu ile isipite bila kuonekana.

Hata ng'ambo ya bahari yetu, Unguja, mnara wa saa wa Beit al-Ajaib uliporomoka na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Tuliwalilia wawili waliofariki. Mnara nao tuliusikitikia, ingawa kila mtu alikuwa na saa katika simu yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, naisahihisha kazi ile upya. Sifa yake ya kwanza ni kwamba mlio, mwendo na mwanga vilitoka katika chanzo kimoja, wala hakuna kilichobandikwa kwa urembo. Ya pili ni mpangilio: kwanza sikio liamke, kisha jicho lifuate tanga, mwisho taa iwake. Ndivyo alfajiri ilivyo pwani, wavuvi wanapoondoka na upepo wa umande. Kasoro ilikuwepo: tanga halikushuka lenyewe, lilisubiri mkono wa mtu. Lakini hata gololi za al-Jazari zilipokwisha, zilihitaji mtu wa kuzirudisha.

Kasoro kubwa ilikuwa ya mwamuzi. Chuoni tulifundishwa kuuliza kila zana inafundisha nini. Swali zuri, ila siku ile nililiuliza nikiwa na jibu tayari. Mtoto alikuwa ameunda saa ya nyumba yao, nami nikaipima kwa saa ya ofisi yangu.

Alama haziwezi kubadilishwa sasa. Jioni ile aliiondoa mezani kabla ya zawadi kutolewa, akaifunika kwa shati lake, akaenda nayo nyumbani.