Kuchimba kwa Mwiko

Lubumbashi ni mji wa wachimbaji. Tangu ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, riziki yake imetoka ardhini: shaba kwanza, kisha kobalti. Hata matofali ya nyumba zetu nyingi yametokana na udongo wa vichuguu. Kule Kolwezi, mtaani Kasulo, watu wamechimba mpaka chini ya vyumba vyao. Katika nchi ya namna hii, mtu anayeshinda kutwa ndani ya shimo la mita mbili kwa mbili, na jioni akawa ameshuka sentimita kumi tu, huweza kudhaniwa hajui kazi. Nataka kumsifu mtu huyo, mwanaakiolojia.

Kazi yake huku kwetu ni ya kiangazi, kabla mvua haijajaza mashimo maji. Huanza alfajiri, kwa kuwa mwanga wa mshazari huonyesha tofauti za rangi ya udongo ambazo jua la utosi huzifuta. Kamba zimevutwa kwenye vigingi vinne, na kimo cha kila pembe kimepimwa kwa pimamaji. Jembe hutumika kwenye udongo wa juu tu, uliokwisha kuvurugwa na mizizi na kilimo. Chini ya hapo ni zamu ya mwiko wa mwashi, ukilazwa ubavu na kukwangua polepole kuelekea kwa mchimbaji mwenyewe. Kila ndoo hupelekwa kwenye chekeche, ambako mwenzake hutafuta shanga au kipande cha mfupa kilichoponyoka.

Mkono uliozoea hutambua mambo mapema. Udongo uliowahi kuchimbwa na kufukiwa, hata kama ni miaka elfu iliyopita, mara nyingi huwa laini kuliko ule ambao haujaguswa. Mwiko ukivuka mpaka huo, mchimbaji husita. Anasafisha, na doa jeusi linajitokeza. Asiyefundishwa angelifukua mara moja aone kilichomo. Yeye huweka mwiko chini, akashika penseli. Doa hupigwa picha, hupimwa, huchorwa na kupewa namba, ndipo uchimbaji uendelee. Anafanya hivyo kwa sababu anajua kwamba kuchimba ni kuharibu: tabaka likishaondolewa halirudishwi, na kitakachobaki ni kile kilichoandikwa.

Faida ya subira hiyo ilionekana Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba. Jacques Nenquin alichimba hapo mwaka 1957, Jean Hiernaux akafuata 1958, na Pierre de Maret akaendeleza kazi kuanzia 1974. Makaburi yalitoa vyungu vya mitindo mbalimbali, na kwa miaka mingi haikuwa wazi upi ulitangulia upi. Chungu peke yake hakiwezi kujibu swali hilo. Jibu lilitokana na mpangilio wa makaburi na vitu vyake ardhini, pamoja na umri uliopimwa kwa kaboni 14. Leo tunajua kwamba utamaduni wa Kisale, ulioanza yapata karne ya 8, ulikuja kabla ya ule wa Kabamba.

Chukua msalaba wa shaba, ule ambao kila Mkatanga anaujua, uliowekwa kwenye bendera ya Katanga ya 1960 na kwenye sarafu zake za 1961. Ukiuona sokoni, utasifu umbo lake na kuuliza bei. Katika makaburi ya Upemba, misalaba iliandikwa mahali ilipolala. Ile ya zamani zaidi ni mikubwa na michache, imewekwa kifuani pa marehemu. Ya baadaye ni midogo, mingi, yenye vipimo vinavyokaribiana, na imekusanyika penye mikono au kiunoni. Kwa tofauti hiyo de Maret alieleza jinsi kitu cha heshima kilivyogeuka polepole kuwa fedha. Na kwa kuwa bonde hilo halina shaba, kila msalaba ni ushahidi wa safari kutoka ukanda wetu wa migodi. Historia hiyo ya biashara ilihifadhiwa katika nafasi ndogo kati ya kifua na kiuno cha mtu. Mtafuta mali angeifuta kwa dakika moja.

Tena kuna makaburi ya watoto. Katika yale ya utamaduni wa Kisale, vyungu vilivyozikwa na mtoto vilikuwa vidogo, ukubwa wa vyungu ukifuatana na umri wa mtoto. Anayepiga magoti hapo na brashi yake anagusa upendo wa wazazi wa zamani sana, na haraka ingekuwa utovu wa adabu.

Lubumbashi yenyewe ina ushahidi wake. Kwenye chemchemi za Naviundu, nje kidogo ya mji, uyeyushaji wa shaba umethibitishwa tangu yapata karne ya 4. Tanuri la kampuni ya migodi ya Union Minière liliwashwa mwaka 1911. Mafundi wetu walikuwa wameshajua moto huo kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano. Madai hayo yasingesimama bila mtu aliyeandika makaa yaliokotwa wapi na yalikuwa karibu na nini.

Kwa hiyo nawaomba wanaobomoa vichuguu kwa ajili ya matofali, wanaochimba misingi ya nyumba, na ndugu zetu wa machimboni: ukikuta vigae vingi pamoja, jivu, mifupa au msalaba wa shaba, usiving'oe. Simama, piga picha, kumbuka kina na mahali, kisha toa taarifa kwenye Makumbusho ya Taifa hapa mjini. Shaba itauzwa na kununuliwa tena. Mahali ilipolazwa na babu zetu pakivurugwa, hapanunuliki.