Kidevu Kivuke Bega

Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja mpaka kibaki kitundu kidogo kati ya vidole gumba, kisha tazama kwa macho yote mawili kitu kilicho mbali kupitia humo: kitasa cha mlango, saa ya ukutani. Sasa fumba jicho moja, halafu lingine. Kwa jicho moja kitasa kitabaki mahali pake. Kwa la pili kitatoweka, kimezibwa na kiganja. Lile lililobaki nacho ndilo jicho kuu, lile ambalo ubongo huliamini zaidi unapolenga. Kwa watu wengi, takriban wawili katika kila watatu, ni la kulia. Mtaliano Giambattista della Porta aliliandika jambo hili tangu mwaka 1593. Na jicho kuu si lazima liwe ndilo lenye nuru kali zaidi. Unaweza kuhitaji miwani kwa jicho hilohilo unalolitegemea.

Wako makocha wa mpira wa magongo wa barafuni wanaowapima watoto kwa kitundu hiki kabla ya kuwakabidhi gongo. Sababu yao ina mantiki. Mchezaji anayepiga kwa upande wa kushoto hushika ncha ya juu ya gongo kwa mkono wa kulia, kisahani kinachopigwa badala ya mpira kinakaa kushoto kwake, na anapolielekea goli bega la kulia ndilo linalotangulia. Hapo jicho la kulia liko karibu na goli, la kushoto liko nyuma ya pua. Pua si kitu kidogo. Kila jicho huona mbali sana upande wa sikio, karibu nyuzi 100, lakini upande wa ndani mwisho wake ni kama nyuzi 60, baada ya hapo ni pua tu. Ikiwa jicho kuu la kijana huyu ni la kushoto, naye hageuzi kichwa vya kutosha, basi pasi inayotoka nyuma ya bega lake la kulia inaonwa na jicho lisilozoea kuongoza, likiwa peke yake. Kisahani kinafika, gongo linachelewa, mashabiki wanaguna.

Nadharia nzuri, ila mimi siiamini yote. Mwaka 1998 madaktari wa macho waliochunguza wachezaji wa besiboli wa Los Angeles Dodgers, mchezo ambao nao humtaka mtu asimame ubavu na kupiga kwa gongo, walitangaza kwamba jicho kuu halikubadilisha wastani wa wapigaji wala ufanisi wa warushaji. Sishangai. Jicho umezaliwa nalo, lakini shingo unaifundisha, na geuzo dogo la kichwa linatosha kuyatoa macho yote mawili nyuma ya pua. Kidevu kikivuka bega, ubishi wa jicho gani ni kuu unabaki kuwa wa watu wa benchi.

Ushahidi mzito zaidi wanao waliobaki na jicho moja. Frank McGee wa Ottawa alipigwa jichoni mwaka 1900, katika mechi ya hisani, akapoteza nuru ya upande mmoja. Hakuwa na jicho kuu wala dogo. Alikuwa nalo moja tu. Tarehe 16 Januari 1905 timu yake ilikutana na Dawson City, watu waliosafiri kutoka Yukon, mwisho wa Kanada, kwa miguu, kwa meli na kwa treni, kuja kuwania Kombe la Stanley. Ottawa walishinda 23 kwa 2, na 14 kati ya magoli hayo yalikuwa ya McGee. Hakuna aliyemfikia hadi leo katika kuwania kombe hilo. Husimuliwa kwamba alipokwenda kujiandikisha vitani na daktari akamwambia afunike jicho moja kisha lingine, alibadilisha mkono tu, jicho likabaki lilelile. Sijui kama ni kweli, lakini jeshini aliingia, na alifia Ufaransa, kwenye vita vya Somme, Septemba 1916.

Bryan Berard ni wa karibu zaidi. Machi 2000, akiichezea Toronto, gongo la mpinzani lililokuwa likimalizia pigo lilimpata jicho la kulia. Haikuwa makusudi. Alikuwa na umri wa miaka 23. Baada ya kupasuliwa mara kadhaa, na kwa lenzi iliyomfikisha kwenye kiwango cha chini cha kuona kinachodaiwa na ligi ya NHL, alirudi uwanjani mwaka uliofuata akiwa na New York Rangers, na mwaka 2004 akapewa tuzo ya Bill Masterton, ya uvumilivu na moyo wa mchezo. Naye alikuwa beki, mtu anayepaswa kukadiria umbali wa kisahani kinachomjia na wa mshambuliaji anayemkimbilia kwa wakati mmoja. Aliyepoteza jicho hupoteza ule ulinganisho wa picha mbili unaoupa ulimwengu kina, lakini zipo njia nyingine: kitu kinachokaribia hukua, na kichwa kikisogea kidogo, vya karibu huhama haraka kuliko vya mbali. Kichwa kinafanya kazi ya jicho lililokosekana.

Kichwa hichohicho kikiinama kinaweza kumponza mwenye macho mawili mazima. Eric Lindros alikuwa jitu la Philadelphia Flyers, mwenye nguvu na mikono laini kwa pamoja, na aliyekuwa na tabia ya kuvuka katikati ya uwanja akitazama kisahani miguuni mwake. Tarehe 26 Mei 2000, katika mechi ya saba dhidi ya New Jersey, alivuka mstari wa buluu akiwa ameinamisha kichwa, na Scott Stevens wa New Jersey akamkuta kwa bega. Kwa sheria za wakati ule halikuwa kosa. Lindros hakucheza tena mechi ya ligi akiwa na Flyers. Ilipofika msimu wa 2010–11 ndipo NHL ilipoweka kanuni mahususi dhidi ya kumvamia mtu kichwani kutoka asikoona.

Kwa nini mtu mwenye kipaji vile aangalie chini? Kwa sababu kisahani ni kitu kidogo: mpira mgumu wa gramu 156 hadi 170, upana wake sentimita 7.6, kikigandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Kukijua kilipo kwa mtetemo wa gongo tu, huku macho yakiwa mbele, ndiyo nusu ya ufundi wote. Wanawake wa pwani husuka ukili huku wakizungumza na mgeni mlangoni, vidole vikihesabu vyenyewe. Mcheza magongo hufanya hivyo akienda kasi juu ya chuma chembamba. Nadhani ndiyo maana uwanja mdogo ni shule kali. Pale hoteli ya Panari, Nairobi, ambako Kenya Ice Lions walijifunzia kabla ya kwenda Kanada mwaka 2018 kucheza pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ukuta hukufikia kabla hujamaliza kuwaza.

Golikipa ana taabu yake. Zdeno Chara alipopiga shuti la kilomita 175 kwa saa kwenye mashindano ya ustadi ya 2012, alionyesha kasi ambayo humwachia kipa muda usiofika nusu ya sekunde. Derek Panchuk na Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary waliwavisha makipa kifaa cha kufuatilia macho, wakakuta kwamba kabla ya pigo hawaangalii bega wala uso wa mpigaji. Macho yametulia kwenye kisahani na gongo. Ili yatulie, kichwa lazima kitulie kwanza. Kipa mzuri huzungusha uso kuelekea kisahani kabla magoti hayajafuata.

Wayne Gretzky alilijua hilo na akalitumia kuwatesa. Utotoni, Brantford, Ontario, alikuwa akichora kwenye karatasi njia ya kisahani huku akitazama mechi kwenye televisheni, bila kuinamisha macho. Alipokua hakuwa mwepesi kuliko wote wala mwenye nguvu kuliko wote. Alikwenda kusimama nyuma ya goli, mahali walipopaita ofisi yake, na kutoka hapo uwanja mzima ulikuwa mbele ya uso wake. Hakuhitaji kugeuza kitu. Mabeki ndio waliolazimika kuchagua kati ya kumtazama yeye na kumtazama mtu anayejongea nyuma yao. Kipa alichungulia juu ya bega moja, kisha juu ya lingine, kila mara jicho moja likiishia kwenye pua yake mwenyewe, na pasi ilipotoka, shingo ilikuwa bado upande wa pili. Pasi za magoli alizohesabiwa NHL ni 1,963. Hata ukiyafuta magoli yake yote 894, hakuna mwingine mwenye pointi, yaani magoli na pasi kwa pamoja, nyingi kama hizo.