Mguu Unaozunguka: Kulisoma Umbo la Singer 29K

Katika cherehani nyingi, kitambaa ndicho kinachotii. Fundi hukigeuza na kukivuta, nayo mashine inaendelea kushona kuelekea upande ule ule iliopangiwa kiwandani. Kiatu hakina utii huo. Buti lililokwisha kutiwa soli halilazwi bapa juu ya meza, na tundu lililo karibu na kidole gumba halifikiki ila kwa kupitia mdomo wa kiatu. Singer 29K, mashine ya kutia viraka vya ngozi iliyotengenezwa katika kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti, ilijibu tatizo hilo kwa uamuzi mmoja wa umbo: kiatu kitulie, mguu wa mashine uzunguke. Ninausoma uamuzi huo hapa kwa sababu spea zinazosakwa sana leo kwa ajili ya mashine hizi zimezaliwa nao.

Itazame kwanza kwa nje. Mbele umetokeza mkono mrefu, mwembamba, unaozidi kukonda kuelekea nchani hadi kuweza kuingia ndani ya kiatu. Juu yake kiko kichwa chenye pete ambayo fundi huizungusha kwa vidole, na mguu hufuata: mbele, nyuma, kushoto, kulia, duara zima. Chini ya sindano hakuna yale meno ya kusukuma kitambaa tuliyoyazoea katika cherehani za nyumbani. Kazi yao imehamishiwa juu. Mguu ndio unaobana ngozi, ndio unaoivuta, kisha unainuka, unarudi na kubana tena.

Matokeo yake ni mazuri kuliko yote katika mashine hii. Kitu kinachozunguka duara zima hakiwezi kuachiwa uzi uning'inie pembeni, maana ungejisokota kwenye kichwa baada ya mizunguko michache. Kwa hiyo uzi umepitishwa katikati kabisa, ndani ya fimbo ya sindano yenyewe, ambayo imetobolewa kama bomba. Ndiyo maana mwenye mashine hii huwa na waya mrefu wenye ndoano wa kuuvutia uzi chini. Asiyeijua mashine huuona waya huo kuwa usumbufu. Mimi nauona kuwa uthibitisho kwamba mbunifu alilifuata wazo lake hadi mwisho. Wahakiki wa fasihi tumezoea kutenganisha fani na maudhui. Hapa mtengano huo haushiki, kwa sababu ukiuondoa mzunguko wa mguu, mashine haina tena la kusema.

Lakini uamuzi huo una gharama, na gharama imelundikwa mahali pawili.

Pa kwanza ni ncha ya mkono. Ili ncha iwe nyembamba, kila kilichomo ndani yake kilibidi kiwe kidogo: bobini ndogo sana, na kidau cha chuma kinachoibeba na kupitisha uzi wake katika kitanzi cha sindano. Nguvu ya kukigeuza kidau inatoka nyuma, inasafiri ndani ya mkono kwa ufito wenye meno unaokwenda na kurudi, na meno hayo yanazungusha gia ndogo zilizo chini ya kidau. Meno yakilika, gia inaanza kucheza. Ncha ya kidau inachelewa kufika pale sindano inapoanza kupanda na kufungua kitanzi, na mshono unarukwa. Fundi asiye na subira hubadilisha sindano, hubadilisha uzi, hulegeza na kukaza springi, ilhali ugonjwa uko ndani ya mkono. Matoleo mengine yalipewa bobini kubwa ili uzi usiishe upesi. Yakalipa kwa kuwa na ncha nene zaidi, isiyoingia katika viatu vidogo.

Pa pili ni kichwani. Mwendo wa mguu unapitia wenzo uliopinda, ambao sehemu yake husuguana na chuma kingine kwa kila mshono. Miaka inapokwenda, sehemu hiyo inachimbika, na kila kilichochimbika kinapunguza hatua ya mguu. Mishono inakuwa mifupi hata skrubu ya urefu wa mshono ikiwa imefunguliwa yote. Mafundi wazuri huijaza sehemu hiyo kwa kuichomelea, kisha huipiga tupa taratibu hadi umbo lake la awali lirudi. Kazi hiyo ni kubwa kuliko kununua spea, kwa kuwa inamtaka fundi ajue umbo la kwanza lilikuwaje.

Hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi na kitabu cha spea cha Singer. Kama maandishi, kina nidhamu ya kuheshimika: picha za vipande vilivyotenganishwa, namba kando ya kila kimoja, kisha orodha. Vipande vingi hata vimegongwa namba hizo na alama ya kampuni, SIMANCO, juu ya chuma chenyewe, kiasi kwamba kitabu na mashine vinarejeleana. Lakini orodha inavisawazisha vyote. Skrubu ya kifuniko inapewa mstari mmoja, na gia inayobeba uhai wa mshono inapewa mstari mmoja. Ni kitabu chema cha kuagizia spea na kibaya cha kuelewea mashine. Vijitabu vya maelekezo vya kampuni navyo viliandikwa kwa sauti ya mwenye mali: tumia spea na sindano za Singer tu, na mashine iliyofufuliwa nje ya viwanda au mawakala wa Singer isiuzwe tena kwa nembo yake.

Kiwanda cha Kilbowie kilifungwa mwaka 1980, na sauti hiyo imebaki bila duka nyuma yake. Skrubu nyingi zilikatwa kwa vipimo vya kampuni yenyewe, hivyo iliyopotea haipatikani kirahisi katika duka la vifaa vya ujenzi. Spea mpya za kuiga zipo, na ubora wake hautabiriki. Vipande vya Adler 30 ya Ujerumani, iliyo ya ukoo huo huo wa kazi, haviingii. Vilevile vya ile mashine ya Kichina ya kuzungushwa kwa mkono inayotumiwa na mafundi viatu wengi. Kwa hiyo chanzo ninachokiamini zaidi ni mashine nyingine iliyokufa. Mwenye kuiuza kwa kilo kama chuma chakavu anaangamiza gia na wenzo ambavyo vingeziinua nyingine.

Nawe msomaji, ukiuziwa 29K, usidanganywe na rangi mpya wala herufi za dhahabu. Nenda na kipande cha ngozi nene. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, shona mbele, kisha geuza pete ushone nyuma na pande zote mbili. Pima mishono kwa rula. Ikiwa ni mirefu upande mmoja na mifupi mwingine, au ikirukwa upande wowote, lipa bei ya spea, si bei ya mashine.