Racine kwa Mizani 16

Ukitoka Ilula kuelekea Iringa mjini, barabara kuu inakupitisha Lugalo. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa walilivizia jeshi la Wajerumani likiwa safarini, wakamuua kamanda wake, Emil von Zelewski, aliyejulikana pia kwa jina la Nyundo, na askari wengi aliokuja nao. Mtunzi wa tamthilia akipewa siku kama hiyo atataka mikuki, moshi na makelele. Mtunzi Mfaransa Jean Racine asingeonyesha hata mkuki mmoja. Angetuweka Kalenga, ndani ya ngome ya Mkwawa, pamoja na watu wanaosubiri habari. Kisha angemwingiza mjumbe mwenye vumbi miguuni, na vita vyote vingepiganwa kinywani mwa mjumbe huyo.

Ndivyo ilivyokuwa tamthilia kubwa ya Ufaransa katika karne ya 17. Mahali pawe pamoja, mambo yaanze na kuisha ndani ya siku moja, damu isimwagike mbele ya watazamaji. Pierre Corneille alipotaka Rodrigue awashinde maadui usiku katika Le Cid, alimleta jukwaani baadaye aje kusimulia. Basi mzigo wote unabebwa na mshororo. Anayetafsiri tamthilia ya namna hii hana ngoma, hana upanga wala mandhari ya kumsaidia. Mshororo ukilegea, vita navyo vimepotea. Ninaihusudu kazi hiyo kuliko kazi nyingi za kalamu, na ninaamini Kiswahili kimejaliwa vifaa vyake kuliko lugha nyingi ambazo tayari zimeijaribu.

Tazama mshororo wenyewe. Una mizani 12. Baada ya mizani ya 6 kuna kituo, halafu 6 nyingine, na mishororo inakwenda miwili miwili kwa vina. Aliyelelewa na mashairi hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo: nusu ya kwanza ni ukwapi, ya pili ni utao. Kiingereza hakina bahati hiyo. Washairi wake wa zamani wa jukwaani waliupima mshororo kwa mkazo wa sauti, mapigo matano, na mizani kumi kwa kawaida. Ndiyo maana Waingereza na Wamarekani wamehangaika na Racine tangu Ambrose Philips alipoigeuza Andromaque kuwa The Distrest Mother mwaka 1712. Richard Wilbur, fundi ninayemheshimu mno, alimtafsiri Molière, mtunzi wa vichekesho wa enzi hiyohiyo, kwa vina vya miwili miwili: The Misanthrope mwaka 1955, Tartuffe mwaka 1963. Kila mshororo ulimdai apunguze mizani mbili, na vina katika Kiingereza ni adimu, havipatikani ila kwa kutafutwa. Bado alifaulu, na watu wanacheka pale alipotaka Molière wacheke. Tony Harrison aliona heri aihamishe Phèdre ya Racine yote mpaka India ya wakati wa Waingereza, mwaka 1975. Ted Hughes, mwaka 1998, aliitafsiri hiyohiyo akaachana na vina kabisa. Kila mmoja alilipa kitu ili apate kitu.

Sisi tungelipa nini? Kwanza, urefu wa maneno. Racine anaweza kuupanga mshororo mzima kwa maneno ya silabi moja moja, na katika Phèdre upo mmoja wa aina hiyo, maarufu sana. Kiswahili hakiwezi. Neno hatutawasahau peke yake ni mizani 7, zaidi ya nusu ya mshororo wa Racine. Lakini angalia lilichobeba: nani asiyesahau, ukanushi, wakati, na nani asiyesahauliwa. Ni refu bila kuwa tupu. Na mshororo wetu wa shairi hauna mizani 12, una 16, nane kwa nane. Zile nne za ziada ndizo nafasi ambayo viambishi vyetu vinaihitaji. Waingereza wanabana, sisi tunakunjua. Mjumbe wangu wa kubuni akifika Kalenga anaweza kusema: Walikuja na mizinga, wakabaki kwenye nyasi. Maneno sita, nane kwa nane, na kituo kimeangukia mahali ambapo mwigizaji angevuta pumzi hata asingeambiwa.

Gharama ya pili inanitia wasiwasi zaidi, nayo ni vina. Kwetu ni vingi kupita kiasi. Vitenzi vyetu vinaishia kwa -a, vinanyambulika kwa -isha na -ana, na mtu mvivu anaweza kupanga mishororo mia bila kutoka jasho. Racine hafai kuguswa na mtu huyo. Fundi wa kweli atakikataa kina alichopewa bure na unyambulishaji, atafute nomino igongane na kitenzi, jina la mtu ligongane na jina la mahali, ili sikio lishtuke kidogo kila mara.

Mizizi ya kazi hii tunayo. Julius Nyerere alitoa Julius Caezar mwaka 1963, akiwa Rais, kisha akairudia na kuisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Rais anayerudi kwenye tafsiri yake kusahihisha mishororo anatufundisha uzito wa mshororo kuliko kitabu cha nadharia. Samuel Mushi alileta Makbeth, Tufani, na Mfalme Edipode wa Sophocles. Christon Mwakasaka, ambaye pia aliandika kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Wanyakyusa wa huku kwetu Nyanda za Juu, alimleta Gogol kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Na Molière amekuja zaidi ya mara moja. A. Morrison alitafsiri Tabibu Asiyependa Utabibu, habari za mkata kuni anayepigwa mpaka akubali kuwa daktari (mchezo ambao wapasua mbao wa Kilolo wangeufurahia sana), na Mchuuzi Mwungwana, uliotoka mwaka 1961. Lorenz Taguaba akatupa Mnafiki mwaka 1973, ambayo ni Tartuffe, tamthilia iliyopigwa marufuku Ufaransa mwaka 1664 na kuruhusiwa rasmi mwaka 1669 tu, kwa sababu wacha Mungu wa uongo walijitambua ndani yake.

Kicheko cha Molière, basi, kimefika. Kilio cha Racine ndicho ninachokitaka sasa, na ningeanza na Phèdre ya mwaka 1677. Mke wa mfalme anampenda mtoto wa mumewe. Katika Kifaransa kijana anamwita bibi, kwa heshima ya baraza la wafalme. Katika nyumba yoyote ya Kidabaga au Pomerini angemwita mama, na angemwamkia shikamoo kabla hajasikia neno lolote. Mtafsiri haongezi chochote hapo. Analiacha neno mama lisimame mwishoni mwa ukwapi, kituo kije, na ukumbi mzima unajua kilichovunjika. Huo ni utajiri ambao Wilbur na Hughes hawakupewa na lugha yao.

Sehemu ngumu kuliko zote iko katika kitendo cha tano, ambapo Théramène anasimulia kifo cha kijana huyo: mishororo zaidi ya 70 inayotoka kinywani mwa mtu mmoja, farasi wamepagawa, na jukwaani hakuna kinachosogea. Wapo watakaosema igawanywe beti za mishororo minne, kwa kuwa ndizo zilizozoeleka. Mimi siafiki. Ubeti wa minne unafunga hoja kila unapoisha, na mjumbe mwenye hofu hafungi hoja. Ningetumia tathnia, miwili miwili kama Racine mwenyewe, kina cha mwisho tu, na kile cha kati kiachwe huru ili mwigizaji aweze kukatiza, kukwama na kuendelea. Utenzi nao una kasi ya vita, lakini mizani nane ni fupi kwa sentensi za Racine, ambazo zinapenda kugeuka katikati na kujipinga. Mizani 16 zinatosha kwa mgeuko huo.