Kitenzi Kimoja, Kazi Mbili

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Mwanza, kama kwingineko, mwenye kompyuta ya zamani atakaye kuweka Windows 11 hana budi kuitazama kwanza programu dhibiti, yaani ile iliyomo katika chipu ya bamba kuu, ambayo huamka kabla ya mfumo endeshi. Mafundi huiita bayosi, ingawa Windows 11 hudai ya aina mpya, UEFI.

Istilahi “programu dhibiti” hatuna ugomvi nayo. Kasoro imo katika kitenzi. Mfasiri aandikapo “badilisha programu dhibiti”, msomaji atajuaje kazi iliyokusudiwa? Yaweza kuwa kugeuza mpangilio wake, kutoka namna ya bayosi hadi UEFI. Kosa hapo hurekebishwa kwa kurudisha mpangilio wa awali. Yaweza pia kuwa kuiandika upya programu yote. Hapo umeme ukikatika katikati, kompyuta huenda isiwake tena.

Fundi wa mitumbwi katika mwalo wa Kirumba hachanganyi kukalafati mwanya na kubadili ubao. Nasi tusichanganye. Inafaa kazi ya kwanza iitwe “kurekebisha mpangilio”, na ya pili “kusasisha”, likitanguliwa na onyo kuhusu umeme. Kusanifu nomino na kuviacha vitenzi ovyo ni kumwachia mwalimu au karani hasara isiyo yake.