Kiwambo si Utando

Mfasiri wa maandiko ya usafishaji wa majitaka hukutana na vitu viwili, naye huviita vyote "utando". Cha kwanza ni ngozi nyembamba ya kiwandani ichujayo maji. Huko Hispania watafiti wamechukua ngozi kama hizo, zilizochakaa katika kazi ya kuondoa chumvi katika maji, wakaziloweka katika dawa ya klorini hadi tabaka la poliamidi lililo juu yake likaharibika na maji yakapita kwa wepesi zaidi. Kisha wakazitumia tena katika matangi ya bakteria. Cha pili ni ule ute ambao bakteria wenyewe huufanya juu ya ngozi hiyo. Katika mitambo mingine ute huo huziba njia. Katika mingine ndio hasa unaosafisha maji. Basi mwongozo ukisema "ondoa utando", fundi aondoe kipi?

Twaona "utando" libakie kwa cha pili, kama ule wa juu ya maziwa. Cha kwanza kiitwe "kiwambo", kutokana na kuwamba ngoma. Neno hilo tayari limo katika "kiwamboute". Walimu waliozoea "utando wa seli" watanung'unika, wala hawakosei: huko libakie, kwani haligongani na jingine.