Kibaba cha Mfuto

Kitabu cha mapishi ni kitabu cha kiada. Mimi niliyetumia miaka mingi kukagua maandalio ya masomo ya wanachuo wa ualimu, sijui kukisoma kwa namna nyingine. Namwuliza mtungaji swali nililowauliza wanachuo wangu: mwalimu akishatoka darasani, je, mwanafunzi ataiweza kazi hii peke yake?

Kwa swali hilo Fannie Farmer anapata alama nzuri. Alikuwa mkuu wa shule ya upishi mjini Boston, Marekani, na mwaka 1896 alitoa kitabu chake. Mchapishaji hakuwa na imani nacho. Alichapa nakala 3,000 tu, tena kwa gharama za mwandishi mwenyewe. Zama hizo mapishi mengi yaliandikwa "siagi kiasi cha yai" au "unga konzi moja". Yeye akasisitiza kikombe na kijiko, vilivyosawazishwa juu kwa kisu.

Jambo hilo si geni kwetu. Wazee wa pwani walipima nafaka kwa pishi, yaani vibaba vinne, na walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni, na kibaba cha tele, kilichofurika. Ajabu ni kwamba haki hiyo ya sokoni haikuingia jikoni. Huko tunaambiwa "chumvi kiasi" na "maji ya kutosha". Mama asemaye hivyo hafichi elimu. Mkono wake unajua. Lakini asiyejua kiasi hajaambiwa kitu. Nilipofiwa na mke wangu, nikiwa na miaka 71, neno hilo ndilo lililonisimamisha mlangoni mwa jiko langu mwenyewe, nikila sahani za kuletewa na majirani. Vikombe viwili vya mchele kwa vinne vya tui ndivyo vilivyoniingiza ndani.

Hata hivyo, kipimo peke yake hakimalizi somo, na hapo waigaji wengi wa Farmer wamepungukiwa. Kikombe hakijui kama mchele ni mpya au wa zamani, na mchele uliokaa hunywa maji zaidi. Saa nayo haioni moto wa mkaa ukififia. Wanaandika "dakika ishirini" na kunyamaza, ilhali mpishi anahitaji dalili: tui likauke mpaka vitundu vitokeze juu ya wali, ndipo upalie, punje ikibonyezwa isiwe na kiini kigumu. Kipimo humtoa mwanafunzi hofu siku ya kwanza. Dalili humwezesha kupika kwenye sufuria ya mtu mwingine.

Basi, msomaji, kama nyumbani kwenu yupo bibi anayepika vizuri, kaa naye na kikombe. Kabla hajatia maji, yapime. Akifunua sufuria, mwulize anatazama nini. Andika yote mawili, upesi, angali yupo wa kukujibu.